Mnaosema Shirley Temple "aliokotwa", njooni hapa tuongee

Mchungulia Mapazia

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi wa mastaa watoto. Mdau mmoja akaandika kwamba Shirley Temple "aliokotwa akicheza ukumbini, kesho yake tajiri", watu wakamgongea laiki za kutosha. Sikutaka kulumbana kule, nikaona nifungue wangu. Kisa cha huyu mtoto nimekisoma sana, pamoja na kitabu alichokiandika mwenyewe mwaka 1988 akiwa mtu mzima, na ninachosema mimi ni kwamba hakuokotwa. Siku anayodaiwa kuokotwa alikuwa na karibu miaka miwili kazini, na wengi wetu tusingeimaliza wiki kwenye kazi ile.

Kwa vijana ambao jina ni geni: huyu ni yule mtoto wa Kimarekani mwenye nywele za mizunguko na vishimo mashavuni. Kuanzia 1935 hadi 1938 aliongoza kwa kuvuta watu kwenye majumba ya sinema Marekani, miaka minne mfululizo, akimwacha nyuma hata Clark Gable aliyekuwa dume zima lenye masharubu.

Alizaliwa 23 Aprili 1928, Santa Monica, California. Baba yake, George, alikuwa mfanyakazi wa benki. Mama, Gertrude, alikuwa wa nyumbani, na tayari alikuwa na wavulana wawili. Alitaka binti, na alimtaka awe msanii. Alipokuwa mjamzito alikuwa akisikiliza muziki na kutazama picha akiamini mtoto aliye tumboni anavuna kitu. Cheka ukitaka, lakini shika hilo la mama, maana kila kona ya kisa hiki utamkuta kasimama pale.

Septemba 1931, Shirley hata miaka mitatu na nusu hajafikisha, Gertrude akampeleka shule ya dansi ya Ethel Meglin, Los Angeles. Huo ni wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, benki zinafungwa na wanaume wazima wanapanga foleni ya supu. Na nywele zile hazikuwa za asili kama mnavyodhani. Kila jioni mama anakaa naye, anaziviringisha na kuzibana kwa pini, mizunguko 56, na anaihesabu.

Naendelea, chai inapoa.

kipanga_wa_tandale

Nimekaa mkao wa kula. 56 kila siku? Mimi binti yangu nikimsuka mistari minne tu nyumba nzima inajua.

Mama Naila

Endelea baba. Ila usije ukamgeuza huyo mama kuwa shetani, nakuona unakoelekea.

Mchungulia Mapazia

Sina mpango huo, dada. Subiri.

Kulikuwa na kampuni ndogo ya filamu inaitwa Educational Pictures. Jina lina elimu, kazi zake za vichekesho. Ilikuwa inatafuta watoto wadogo, na mwongozaji wake Charles Lamont akaenda kuchagua pale kwa Meglin. Inavyosimuliwa, akina mama wamewapanga watoto kama gwaride, na Shirley akaona haya, akajichimbia kwenye piano. Lamont akamtaka huyohuyo aliyejificha.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu fupi za kama dakika kumi, zilizoitwa Baby Burlesks, 1932 na 1933. Watoto wa miaka mitatu na minne wanaigiza filamu za wakubwa, juu wamevaa nguo za kikubwa, chini nepi iliyofungwa kwa pini kubwa kupita kiasi. Kuna ambamo Shirley anaigiza mwanamke wa kilabu anayewazungusha wanajeshi. Ana miaka minne! Leo ukiirusha kitu hicho mtandaoni polisi watakugongea mlango kabla ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe ukubwani aliziandika vibaya hizo filamu, hakuzipamba.

Malipo: dola 10 kwa siku ya kupiga picha. Mazoezi, ambayo ndiyo yaliyokula siku nyingi, hayalipwi. Na ili kampuni irudishe gharama, watoto haohao wanakodishwa kupigwa picha za matangazo ya vyakula.

Sasa boksi. Studioni kulikuwa na kibanda cheusi chenye magurudumu, cha mitambo ya sauti. Mtoto akisumbua, akichelewesha kazi, anapelekwa humo, mlango unafungwa. Ndani giza, na kitu pekee cha kukalia ni bonge la barafu. Anakaa pale mpaka akili imrudie. Shirley aliingia zaidi ya mara moja. Watoto walikuwa wameonywa wasiseme nyumbani. Yeye alimwambia mama yake, na mama akaona ni hadithi za kitoto.

Kitabuni anasema somo la boksi hakulisahau: muda ni pesa, ukipoteza muda umepoteza pesa, na pesa ikipotea kuna mtu atapata taabu. Aliwahi pia kuingia kazini siku moja tu baada ya daktari kumtoboa ngoma ya sikio kwa ajili ya maambukizi. Maana kazi haisubiri sikio.

Fundi Rangi

Aisee. Bonge la barafu.

kipanga_wa_tandale

Mama kaambiwa akasema hadithi za kitoto. Mama Naila, unasemaje hapo?

Mama Naila

Nasema usiulize maswali ya mtego. Mzazi anamwacha mtoto mlangoni kwa mtu anayeheshimika, mtoto anarudi na habari ya chumba cha barafu, wangapi hapa wangemwamini mara ya kwanza? Mimi wa kwangu aliniambia kuhusu mwalimu mmoja wa chekechea, nikamwambia aache uongo. Nilikuja kuujua ukweli kwa jirani. Kwa hiyo sitamrushia jiwe Gertrude kwa hilo. Nitamrushia kwa mengine huko mbele, nangoja.

Dereva wa Masafa

Swali la kizamani: hao watoto wengine wako wapi? Au historia imewameza?

Mchungulia Mapazia

Swali zuri na linauma, maana mojawapo ya filamu hizo ilitungwa eti inatokea kwetu. Kid in Africa, 1933. Shirley ni mmisionari mdogo porini, na watoto weusi wa Los Angeles wamevalishwa kama wala watu. Kuna kipande walitakiwa wakimbie, kisha waanguke wote kwa pamoja kama waliochomwa mishale. Wanashindwa kuanguka kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo ukafungwa waya mwembamba wa piano, usawa wa miguu, bila wao kujua. Wakakimbia, wakaangukiana, wakainuka wanavuja damu. Filamu ikapata kipande chake.

Hilo kalisimulia Shirley mwenyewe. Majina ya wale watoto sijayaona popote yakitajwa kwa heshima ya waigizaji.

Dereva wa Masafa

Basi. Endelea na huyo mwenye jina.

Mchungulia Mapazia

1933 aliyekuwa amemwajiri Shirley akafilisika. Baba akaununua mkataba wa binti yake kwa dola 25. Rudia kusoma hiyo namba, maana miaka miwili baadaye ilikuwa huwezi kuununua hata kwa jengo.

Sasa tufike penye ubishi wetu. Ni kweli kuna ukumbi. Mwishoni mwa 1933 kulikuwa na maonyesho ya filamu fupi, na Shirley yuko pale sebuleni mwa jumba la sinema, anajichezea dansi akimngoja mama. Akapita Jay Gorney, mtunzi wa nyimbo aliyekuwa kampuni ya filamu ya Fox. Akamwona, akamwalika kwenye usaili.

Wanaosimulia "kaokotwa" huanzia hapo. Hawajiulizi mtoto wa miaka mitano alikuwa anafanya nini pale usiku. Filamu iliyokuwa inaonyeshwa ilikuwa na yeye ndani! Alikuja kutazama kazi yake. Dansi aliyokuwa "anajichezea" ni ya darasani kwa Meglin, na haya za mbele ya watu zilishamtoka zamani, boksi lilihakikisha. Gorney hakukuta mtoto wa mtaani. Alikuta mfanyakazi mwenye uzoefu ambaye mwajiri wake amefilisika.

Na Gorney huyu ndiye aliyetunga muziki wa "Brother, Can You Spare a Dime?", wimbo wa 1932 wa mtu aliyejenga nchi kwa mikono yake na sasa anaomba senti kumi barabarani. Yaani aliyeupa Mdororo wimbo wake wa kilio ndiye aliyemleta mtoto wa kuwafuta watu machozi. Ningekuwa nimetunga mimi mngeniambia nimetia chumvi.

Mama Naila

Hapo umeniweza.

bwana_mdogo_Muscat

Samahani nakatisha. Mimi nipo Muscat, kazi yangu hotelini, upande wa vinywaji. Kila siku watu wananiagiza "Shirley Temple" na nilikuwa sijui ni mtu! Ni soda ya tangawizi, sharubati nyekundu ya komamanga na cheri juu. Wanakunywa watoto, na wakubwa wasiotumia kilevi. Kumbe nawauzia mtu wa historia.

Mchungulia Mapazia

Ndiye huyo. Na mwenyewe alikuwa hakipendi, alisema ni kitamu kupita kiasi.

bwana_mdogo_Muscat

Nakubaliana naye asilimia mia. Endelea mkuu.

Mchungulia Mapazia

Usaili wa Fox ulikuwa 7 Desemba 1933. Wakampa wiki mbili, dola 150 kwa wiki. Kabla mwezi haujaisha wakamfunga kwenye mkataba mrefu kwa mshahara huohuo, na mama naye akawekwa kwenye orodha ya malipo, dola 25 kwa wiki, kazi yake nywele na kumfundisha mistari. Gertrude hakuwa mama wa kungoja nje ya geti. Usiku anamsomea mistari mpaka inaingia, na kamera ikikaribia kuwashwa anamwambia neno moja la kumchangamsha. Mtoto anawaka.

Filamu ni Stand Up and Cheer!, iliyotoka 1934. Hadithi yake: rais wa Marekani anaona watu wamekata tamaa, anateua waziri wa burudani. Ni maonyesho yaliyoshonwa pamoja, nyimbo, vichekesho, halafu wimbo mwingine. Kusema kweli inachosha. Kisha anatokea James Dunn, mwanamume mrefu mwenye suti, anaimba "Baby, Take a Bow", na kutoka nyuma anakuja kitoto chenye gauni fupi la vitone. Anaimba. Anapiga dansi ile ya viatu vya vyuma vinavyogonga sakafu. Dakika chache tu, basi.

Tazameni macho yake wakati wa dansi. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida huangalia miguu yake, au huangalia mkubwa aliye karibu ili ajue hatua inayofuata. Huyu haangalii miguu. Anamwangalia Dunn kama wanaoongea, na hatua zinaanguka mahali pake. Watu waliotoka kwenye filamu ile walikuwa wanamtaja yeye.

Fox ilikuwa inayumba kifedha wakati huo. Mwaka 1935 ikaungana na kampuni nyingine na kuwa Twentieth Century-Fox, na nguzo yake kubwa ya kuuza tiketi ikawa mtoto wa darasa la kwanza.

Jambo jingine: Fox walimpunguza umri. Cheti cha kuzaliwa kikachezewa, akawa mdogo kwa mwaka mmoja, ili kipaji kionekane cha ajabu zaidi. Mwenyewe hakujua. Aligundua kwenye sherehe ya kutimiza miaka 12, alipoambiwa kwamba ana 13.

kipanga_wa_tandale

Kumbe kudanganya umri hakukuanzia kwenye mpira wetu wa vijana 😂

Fundi Rangi

Hahaha, ila kwetu wanapunguza mitano.

Mchungulia Mapazia

😂 Tuendelee. Mwaka huohuo wa 1934 Fox wakamwazimisha kwa kampuni nyingine, Paramount, filamu ya Little Miss Marker. Mtoto anawekwa rehani kwa wacheza kamari za farasi, baba harudi kumkomboa. Hii ndiyo iliyothibitisha kwamba anaweza kubeba hadithi nzima, si wimbo mmoja.

Ilihitajika alie. Mwongozaji, bila mama kujua, akamwambia mama yake ametekwa na mtu mbaya wa kijani mwenye macho mekundu ya damu. Mtoto akalia kweli, kamera ikachukua. Gertrude alipojua akawaka moto. Kitabuni Shirley anasema walimwonea bure, kulia alikuwa anaweza bila hiyo.

Desemba ikatoka Bright Eyes, iliyoandikwa kwa ajili yake, jina lake juu ya jina la filamu, na ule wimbo wa meli ya peremende. Tarehe 27 Februari 1935, hotelini Los Angeles, akapewa Oscar ndogo ya watoto, wa kwanza kabisa kuipata. Miaka sita. Kutoka nepi na pini hadi hapo, miaka mitatu.

Mama Naila

Sasa nirushe jiwe langu. Pesa zilikwenda wapi?

Mchungulia Mapazia

Nilijua utauliza. Alipokuwa na miaka 22 hivi aliomba kuona hesabu. Kati ya dola zaidi ya milioni tatu alizoingiza utotoni, zilizobaki kwa jina lake zilikuwa kama elfu 44. Zilikwenda kwenye nyumba, watumishi, ndugu, biashara za baba zisizofika popote, na kuna fedha ambazo mahakama iliagiza ziwekwe akiba, baba hakuziweka. Baba huyohuyo wa benki.

Na sheria ilikuwepo. Jackie Coogan, yule mtoto wa filamu ya Charlie Chaplin ya 1921, alikuta mama na baba wa kambo wamemaliza za kwake, akawashtaki 1938, na California ikapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto wasanii mwaka 1939. Shirley alikuwa na miaka 11.

Cha kushangaza ni kwamba hakuwashtaki wazazi wala hakuwatukana. Anaandika kama mtu aliyefunga daftari akaliweka kabatini.

Mama Naila

Basi jiwe langu ni la baba. Mama alifanya kazi, alistahili mshahara wake. Nywele 56 kila siku ni ajira.

kipanga_wa_tandale

Mimi napinga. Mama ndiye aliyeianzisha safari yote. Bila yeye hakuna boksi.

Mama Naila

Na bila yeye hakuna Shirley wa kubishania.

Wakili wa Kijiji

Kwa faida ya wadau: hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Sasa tazameni video za watoto wanaochekesha mitandaoni, halafu jiulizeni akaunti ni ya nani na pesa ya matangazo inaingia simu ya nani. Mwenye mfano wa mzazi aliyemfungulia mtoto akaunti ya benki na kuigusa hajaigusa, alete.

Dereva wa Masafa

Wakili umegusa penyewe. Nimeshasafirisha kundi moja la kurekodi, kuna mtoto alilala sakafuni kwenye basi saa nane usiku, asubuhi ana shule. Mama yake yuko mbele anajibu maoni ya mashabiki.

Hassanati

Na Madina Nalwanga wa Uganda, yule wa Queen of Katwe ya 2016, akicheza na Lupita Nyong'o na David Oyelowo chini ya Mira Nair? Naye alipatikana kwenye darasa la dansi, Kampala. Naona darasa la dansi lina siri.

Mchungulia Mapazia

Mfano mzuri sana, Hassanati. Tofauti ni kwamba Madina alikuwa tayari kijana, na alikuwa anamwigiza mtu aliye hai, Phiona Mutesi wa sataranji, kwenye mitaa anayoijua. Shirley alikuwa anaigiza furaha ambayo nchi yake haikuwa nayo. Lakini darasa la dansi lina siri kweli: linamfundisha mtoto kusikiliza maelekezo, kurudia kitu mara ya ishirini bila kununa, na kusimama mbele ya macho ya watu. Mwongozaji anayetafuta mtoto anatafuta hayo kabla ya sura.

Mzee wa Reli

Wanangu, mmesahau jambo moja. Mimi nakumbuka huyu mama akiwa balozi wa Marekani nchini Ghana, 1974 hadi 1976, wakati wa Acheampong, mtawala wa kijeshi wa Ghana. Tulikuwa tunashangaa, mcheza sinema anakuja kufanya nini ubalozini. Baadaye akaenda Chekoslovakia, na akawepo pale ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989. Alifariki Februari 2014.

Halafu mtoa uzi hujagusa ile ya ngazi na Bill Robinson. Haiwezekani.

Mchungulia Mapazia

Shikamoo mzee. Nilikuwa naiweka mwisho.

The Little Colonel, 1935. Bill Robinson, aliyeitwa Bojangles, mtu mweusi wa Richmond, Virginia, ndiye aliyekuwa bingwa wa dansi ile ya kugonga sakafu. Kwenye filamu anaigiza mtumishi, na mtoto hataki kwenda kulala. Robinson anaanza kupanda ngazi huku miguu inapiga ngoma kwenye kila kipandio. Mtoto anamtazama, kisha anampa mkono, wanapanda wote. Hollywood ilikuwa haijawahi kuonyesha mweusi na mzungu wakicheza dansi wawili namna ile, na majimbo ya Kusini kipande kile kilikatwa. Walishikana mikono, basi, hiyo ndiyo ilikuwa kosa.

Shirley alimwita Mjomba Billy maisha yake yote. Alisema Robinson alimfundisha asikilize miguu badala ya kuiangalia, na ukirudia kuitazama utaona ni sikio linalofanya kazi: ngazi za mbao, viatu vinavyogonga, hakuna pa kuficha kosa. Kwa mtoto wa miaka sita. Hiyo ndiyo hoja yangu ya mwisho kwa wale wa "kaokotwa".

Mzee wa Reli

Marahaba. Hapo sawa.

kipanga_wa_tandale

Nimeshawishika kuhusu kuokotwa. Kuhusu mama bado.

Fundi Rangi

Nimetoka kuitazama hiyo ya ngazi sasa hivi, mara tatu. Mtoto sawa, lakini yule mzee magoti yake yalitengenezwa kiwanda gani? Ana miaka mingapi pale?

Mchungulia Mapazia

56.

Fundi Rangi

Mimi nina 38 na napanda ngazi ya rangi kwa kuomba dua.